Msamaria Hakuwa Mnyang'anyi



Juzi kwenye jumuiya kijana mmoja aliuliza: "Afrika nzima tunatoa chini ya asilimia 5 ya hewa ukaa ya dunia. Sasa sisi tuhangaike ya nini?" Kusema kweli, nilimpigia makofi.

Nilipofika nyumbani nikaanza kuwaza. Ni kweli, deni kubwa ni la mataifa tajiri, na lazima yalipe. Lakini tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, mvua zilikosa misimu mitano mfululizo huko Turkana, Marsabit na kwingineko Pembe ya Afrika. Mifugo ikafa, watoto wakalala njaa. Mfugaji yule hakuchafua hewa, ila ndiye aliyeumia.

Nikisema "si kosa langu", nina tofauti gani na kuhani aliyempita majeruhi njiani? Msamaria hakuwa mmoja wa wale wanyang'anyi, lakini alisimama. Hakuuliza kwanza nani alipiga.

Basi mimi nimeanza na jiko langu. Miti hutunza kaboni. Tukiikata kwa ajili ya mkaa bila kupanda mingine, kaboni hiyo inarudi hewani. Siku hizi naloweka maharage usiku kucha ili yaive upesi, na mkaa utumike kidogo. Ni kitu kidogo sana, najua. Hata mjane yule hekaluni alitoa senti mbili tu, na Yesu akaziona.

Je, wewe utaanza na nini? Mungu akubariki.