Hila ya Ndoano: Maadili ya Kuvua kwa Nzi Bandia

Swali la kama binadamu ana haki ya kumdanganya kiumbe asiyesema hupata sura kali katika aina moja ya uvuvi ambamo udanganyifu ndio ufundi wenyewe. Mnyoo aliyetungwa kwenye ndoano ni chakula cha kweli kilichofichiwa mtego, na samaki anayemmeza hupata angalau kile alichokitamani. Lakini nzi bandia, yaani ndoano tupu iliyovishwa manyoya, nyuzi na nywele za wanyama hadi ifanane na mdudu au kisamaki, hana cha kumpa samaki zaidi ya sura. Kwa sababu hiyo, anayetaka kujua mpaka kati ya hila halali na uongo wenye dhambi hapati mfano ulio wazi kuliko huu, na vifaa vya mvuvi, tangu unene wa mshipi hadi umbo la ndoano, hugeuka kuwa sehemu ya hoja ya maadili.

Kipalapala, nje kidogo ya mji wa Tabora, ni mahali panapofaa kuliweka swali hilo. Hapo ndipo ilipo Seminari Kuu ya Mtakatifu Paulo, iliyoanzishwa mwaka 1925 na Wamisionari wa Afrika, ambao watu wengi huwaita Mapadre Weupe, na teolojia ya maadili, yaani elimu ya kupambanua tendo jema na baya kwa mwanga wa imani, imefundishwa huko kwa vizazi kadhaa. Aidha, Tabora ni mji wa njia ya misafara iliyounganisha pwani na Ujiji, na Uislamu ulifika huko pamoja na misafara hiyo kabla ya wamisionari, hivyo mapokeo mawili makubwa ya sheria ya dini yamekaa jirani kwa muda mrefu. Nchi yenyewe ni ya miombo, isiyo na vijito baridi vya trauti, samaki ambaye uvuvi huu ulikuzwa kwa ajili yake. Lakini maji ya kusini mwa Tabora huteremkia mto Ugalla, nao huingia Malagarasi, mto unaomwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika, ambamo anaishi samaki wa jenasi ya Hydrocynus, mwenye meno marefu yanayoonekana hata akifumba mdomo, anayetafutwa sana siku hizi na wavuvi wa nzi bandia barani Afrika.

Kabla ya kuhukumu tendo ni lazima kulifahamu. Katika uvuvi wa kawaida wa mshipi, uzito wa chambo au wa kipande cha risasi ndio unaovuta uzi kwenda mbali, ilhali nzi bandia ni mwepesi mno kuweza kufanya kazi hiyo; kwa hiyo mshipi wenyewe hutengenezwa mnene na mzito, nao ndio unaorushwa, huku nzi akifuata mwishoni mwa uzi mwembamba usioonekana kwa urahisi majini. Mvuvi huinua fimbo na kuutupa mshipi nyuma yake, hungoja hadi unyooke wote hewani, kisha huupeleka mbele, na kosa la kwanza la anayeanza ni kukosa subira katika kungoja huko. Nzi wenyewe ni wa makundi matatu makuu: anayeelea juu ya maji kama mdudu aliyetua, anayezama kama buu anayepanda kutoka chini ya mto, na mkubwa anayevutwa ndani ya maji kama kisamaki kinachokimbia. Uchaguzi kati ya hao hutegemea kile ambacho samaki anakula saa hiyo, na ndiyo maana mvuvi stadi hutumia muda mrefu kutazama maji kabla ya kurusha chochote.

Ufundi huu ni wa kale. Aelianus, mwandishi wa Kirumi aliyeandika kwa Kigiriki mwanzoni mwa karne ya 3, alieleza jinsi watu wa Makedonia walivyovua samaki wenye madoa kwa ndoano iliyozungushiwa sufu nyekundu na kufungwa manyoya mawili ya jogoo, na akataja sababu yenye maana kwa mjadala huu: nzi wa kweli wa mto ule hakufaa kuwa chambo, kwa kuwa akiguswa na mkono wa binadamu hupoteza rangi, mabawa yake hunyauka na samaki humkataa. Katika Afrika Mashariki uvuvi huu ulifika pamoja na ukoloni, hasa baada ya Ewart Grogan kuleta trauti kutoka Uskoti na kuwatia katika mto Gura, kwenye milima ya Aberdare nchini Kenya, mwaka 1905. Baadaye samaki hao walipelekwa pia katika vijito vya Tanganyika, kama vile vya Kilimanjaro na nyanda za juu za Mbeya. Hivyo hila inayojadiliwa ililetwa pamoja na samaki wake, katika nchi ambayo wenyeji walikuwa wakivua kwa migono, nyavu na ndoano za chambo cha kweli.

Hoja ya kwanza dhidi ya nzi bandia hutokana na mafundisho makali ya Agostino wa Hippo, aliyeandika vitabu viwili juu ya uongo, na kushikilia kwamba hakuna uongo unaohalalishwa na faida yake, hata ukiwa wa kuokoa maisha. Thoma wa Akwino alimfuata katika karne ya 13, akaongeza kwamba mtu anaweza kusema uongo kwa matendo pia, kwa maana tendo linaweza kuwa ishara sawa na neno, na unafiki ni uongo wa namna hiyo. Kwa kipimo hicho nzi bandia anaonekana kuwa na hatia, kwani ni ishara iliyoundwa makusudi ili mwingine aamini jambo lisilo kweli.

Hata hivyo, Thoma mwenyewe ana majibu mawili. Kwanza, anauweka ukweli chini ya fadhila ya haki, akieleza kwamba binadamu hudaiana ukweli kwa sababu hawawezi kuishi pamoja bila kuaminiana. Basi deni hilo lipo kati ya wale wanaoshiriki jamii ya maneno na ahadi, na samaki hajawahi kuahidiwa kitu na mvuvi. Pili, alipojadili vita, alikubali kwamba kumvizia adui ni halali, kwa kuwa kuficha kusudi si sawa na kuvunja neno lililotolewa. Kutokana na hayo inaonekana kwamba nzi bandia ni mavizio, na kwamba samaki anayemrukia hasalitiwi, maana usaliti huhitaji imani iliyotangulia. Jibu hili lina nguvu, lakini linaacha pengo: likichukuliwa peke yake, litahalalisha kila jambo analotendewa kiumbe asiyeweza kupokea ahadi, hata ukatili.

Pengo hilo huzibwa na mwanateolojia wa mapema zaidi. Gregori wa Nisa, askofu wa karne ya 4, alieleza ukombozi kwa mfano wa uvuvi: umungu wa Kristo ulifichwa ndani ya mwili kama ndoano ndani ya chambo, naye Shetani, akidhani anameza mtu wa kawaida, akanaswa. Wasomi wa baadaye walisumbuliwa na picha ya Mungu anayedanganya, na Anselmo wa Canterbury, mwishoni mwa karne ya 11, alitafuta maelezo mengine yasiyohitaji hila. Lakini Gregori alikuwa ameliona swali na kulijibu. Alisema kwamba mwenye kutia sumu katika chakula na tabibu anayetia dawa katika chakula hicho hufanya tendo linalofanana kwa nje, na kinachowatenganisha ni kusudi, kwa kuwa mmoja ataka kuua na mwingine ataka kuponya. Kwa hiyo hila haina hukumu yake yenyewe, nayo huazima wema au ubaya kutoka katika lengo inalolitumikia, na mvuvi hana budi kuulizwa anamvua samaki kwa ajili gani.

Swali hilo la kusudi ndilo lililoziongoza sheria za dini zilipotenga uvuvi na uwindaji. Gratiano, aliyekusanya sheria za Kanisa mjini Bologna katika karne ya 12, aliingiza maoni yaliyonasibishwa na Jeromu kwamba katika Maandiko hakuna mwindaji aliye mtakatifu, ilhali wavuvi watakatifu wapo, na Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, katika kanuni ya 138, iliwaonya makleri wasijitie katika uwindaji na kuwakataza kabisa ule wa makelele. Kwa upande wa Uislamu, sura ya al-Maida, katika aya ya 95 na ya 96, inamkataza mwenye kuwa katika ihramu, yaani hali ya utakaso ya anayekwenda kuhiji au kufanya umra, kuua mawindo ya nchi kavu, lakini inamhalalishia mavuo ya bahari, na kuyataja kuwa manufaa kwa wakazi na kwa wasafiri pia. Maelezo ya sheria hizi mbili yanatofautiana, lakini zote zinampa mvuvi nafasi ambayo mwindaji hana, na ile ya Kiislamu inaitaja sababu waziwazi: mavuo ni riziki.

Lakini Kurani hiyohiyo, katika sura ya al-Araf, inasimulia juu ya watu wa mji wa pwani waliokatazwa kuvua siku ya Sabato, ambao samaki waliwajia wengi siku hiyo na kutoweka siku nyingine. Wafasiri hueleza kwamba baadhi yao walitega kabla ya Sabato na kuopoa baada yake, ili waonekane wametii. Kosa lao halikuwa kumdanganya samaki, kwa sababu mtego ulikuwa halali siku nyingine zote. Walimfanyia hila Mwenye kuamrisha, wakitumia umbo la utii kuficha uasi. Hapo mpaka unaotafutwa unaonekana: hila inayoelekezwa kwa samaki inaweza kuvumiliwa, ilhali ile ambayo mvuvi anaielekeza kwa Mungu au kwa dhamiri yake mwenyewe ndiyo inayomharibu.

Kipimo hicho kinaugusa moja kwa moja mtindo wa siku hizi wa kuvua na kuachia, ambao kwa huo samaki hunaswa, hutazamwa, na kurudishwa majini. Watetezi wake husema kwamba unahifadhi samaki na kuwapa watu sababu ya kulinda mito. Wapinzani hujibu kwamba kumtesa kiumbe bila hata kumla ni kumfanya kuwa chombo cha mchezo. Mwaka 2003 Lynne Sneddon na wenzake nchini Uingereza walionyesha kwamba trauti ana vipokezi vya maumivu usoni na mdomoni, ingawa wapo wanasayansi wanaoshikilia kwamba ubongo wa samaki hauna sehemu ya kuyahisi maumivu hayo kwa ufahamu. Uswisi, kwa kanuni ya mwaka 2008, ilikataza kuvua kwa nia ya kuachia. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2418, inafundisha kwamba kuwatesa au kuwaua wanyama bila sababu ya lazima ni kinyume cha hadhi ya binadamu, na hadithi iliyopokewa na an-Nasai inamtaja ndege aliyeuawa bure akimshitaki muuaji wake mbele ya Mungu. Mafundisho haya hayakatazi kila uvuvi usio wa chakula, lakini yanamtwika mvuvi wajibu wa kutoa sababu, na anayesema anavua kwa kuwapenda samaki huku akiwaumiza pasipo haja yumo katika hila ya watu wa Sabato.

Njia ya kumpima mvuvi wa namna hiyo si maneno yake, kwa kuwa kusudi hufichika kwa urahisi, hata kwa mwenye nalo. Kusudi hujidhihirisha katika vifaa. Anayechagua fimbo nyepesi na uzi mwembamba kupita kiasi ili mapambano yawe marefu na ya kusisimua humchosha samaki mpaka asiweze kupona baada ya kuachiwa, ingawa yeye huiita hali hiyo kumpa samaki nafasi. Kwa trauti wa vijito, mshipi wa uzito namba 4 au 5 hutosha. Kwa Hydrocynus wa Malagarasi huhitajika namba 8 au 9, pamoja na kipande cha uzi wa chuma mbele ya nzi, kwa kuwa bila hicho samaki huukata uzi kwa meno na kwenda na ndoano mdomoni. Ndoano iliyobanwa kile kijino cha nyuma kinachoizuia kuchomoka hutoka upesi bila kurarua nyama. Mikono hulowekwa kabla ya kumshika samaki, ili isifute ute unaomkinga na magonjwa, na uvuvi husimamishwa maji yanapopata joto, kwa kuwa maji ya joto yana oksijeni kidogo na samaki aliyechoka hafi kwa jeraha bali kwa kukosa pumzi. Mwenye nia ya kula naye ana wajibu wake, nao ni kumuua samaki mara moja badala ya kumwacha atapetape ufukweni.

Kwa kipimo hichohicho, mvuvi wa Ugalla anayeuza samaki waliokaushwa katika masoko ya Tabora hahitaji utetezi mrefu, kwa kuwa kusudi lake ni riziki. Hata hivyo naye hupimwa na kifaa, maana nyavu zenye matundu madogo mno huchukua wachanga ambao hawajazaa, na kukila leo kizazi cha kesho ni kumdhulumu jirani atakayevua baadaye. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 17, Petro anaagizwa kutupa ndoano, mahali pekee katika Injili ambapo ndoano inatajwa, na kuambiwa kwamba samaki wa kwanza atakutwa na sarafu ya kulipia kodi mdomoni. Chambo hakitajwi, wala haisemwi samaki yule alifanywa nini baadaye. Kinachotajwa ni deni, na ndoano inatupwa ili deni hilo lilipwe. Mvuvi wa nzi bandia, awe wa Gura au wa Malagarasi, yumo katika hali hiyo: hila yake ni halali kadiri inavyotumikia haja anayoweza kuitaja mbele ya watu bila kuipamba, na pale haja hiyo inapokosekana, ustadi wote wa mkono wake hauwezi kuziba nafasi yake.