Ujirani wa Ziwa na Hukumu ya Arusha

Kagunga ni kijiji kilichobanwa baina ya milima na Ziwa Tanganyika, karibu kabisa na mpaka wa Burundi. Mnamo Mei 2015 makumi ya maelfu ya Warundi walijaa ufukweni hapo, wakikimbia ghasia zilizozuka baada ya Rais Pierre Nkurunziza kutaka muhula wa tatu. Kipindupindu kikawaandama. Meli ya Liemba, kuukuu ya enzi za Wajerumani, ikawapeleka Kigoma, na kutoka huko wakaelekea kambi ya Nyarugusu.

Swali linalozuka hapo ni la kale: je, jirani ana haki ya kuuliza yanayotendeka nyumbani kwa mwenziwe? Serikali nyingi hujibu kwamba mambo ya ndani ni ya ndani. Lakini Burundi ilikwisha kufungua mlango kwa hiari yake. Makubaliano ya amani ya Arusha ya Agosti 2000, ambayo usuluhishi wake aliuongoza Nyerere na baada ya kufa kwake Mandela, yalimwekea rais ukomo wa mihula miwili. Tena, ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, iliukubali Mkataba ambao kifungu chake cha 6(d) kinataja demokrasia, utawala wa sheria na haki za binadamu. Aliyeapa mbele ya majirani hawezi kuwaambia kwamba kiapo hakiwahusu.

Mwezi huo wa Mei wakuu wa Jumuiya walikutana Dar es Salaam mara mbili. Waliomba uchaguzi uahirishwe. Hawakumtaka Nkurunziza aache kugombea. Uchaguzi ukafanyika Julai. Huenda ni adabu ya wakubwa wao kwa wao.

Asasi za kiraia zilikwenda katika Mahakama ya Afrika Mashariki. Zilishindwa katika ngazi ya kwanza, zikakata rufaa, na tarehe 25 Novemba 2021 majaji wa rufaa wakatamka kwamba muhula ule ulikiuka Makubaliano ya Arusha na Mkataba wa Jumuiya. Nkurunziza alikuwa ameshafariki, Juni 2020, muhula wenyewe ukielekea ukingoni.

Kuiita hukumu hiyo maneno matupu ni kuidhulumu: rais mwingine wa eneo hili akitamani muhula wa ziada, hoja ya mambo ya ndani imekwisha kumponyoka. Ila mzazi aliyefiwa na mwanawe Kagunga hakuwa na haja na rais ajaye. Alihitaji neno la Mei, na hilo halikuwa la majaji kulitoa. Vifungu vya 146 na 147 vya Mkataba vinawapa wakuu wa nchi uwezo wa kumsimamisha mwanachama, hata kumfukuza. Mwaka ule hawakuugusa.