Nguvu, Amana na Mwombaji Asiyejulikana

Mwajiri anapomchagua mtu mmoja kati ya waombaji wengi hutoa hukumu juu ya mambo mawili kwa pamoja, yaani uwezo wa mtu kuifanya kazi na uaminifu wake katika kuitunza. Mambo hayo yametajwa katika Sura ya Al-Qasas, pale binti wa mzee wa Madyan anapomshauri baba yake amwajiri Musa kwa kuwa ana nguvu na ni mwaminifu. Wafasiri wa Kurani wameuliza binti huyo alijuaje, nao hujibu kwamba nguvu aliziona kisimani Musa alipoinywesha mifugo ya mzee huyo, na uaminifu aliuona njiani kwa jinsi mgeni huyo alivyojiheshimu walipokuwa wakienda nyumbani. Ushauri wake basi ulikuwa ushahidi wa mambo aliyoyashuhudia, hali mwajiri wa leo ana karatasi ya wasifu na nusu saa ya usaili.

Hapo ndipo ugumu wa kifalsafa unapoanzia, kwa sababu sifa hizo mbili hazijulikani kwa njia moja. Uwezo hupimika kwa mtihani, lakini uaminifu hudhihirika baada ya mtu kukabidhiwa kitu, na mwajiri anayetakiwa kuamua kabla ya kukabidhi hulazimika kutafuta dalili za kushika mahali pa ujuzi alioukosa. Dalili iliyo karibu zaidi ni kufahamiana: mtoto wa jirani, mtu wa kijijini, muumini wa msikiti au kanisa lile lile. Dalili ya pili ni kundi. Wanauchumi huita mwenendo huu ubaguzi wa kitakwimu, dhana iliyoelezwa na Edmund Phelps mwaka 1972, kwa maana ya kumhukumu mtu mmoja kwa wastani unaodhaniwa wa kundi lake pale ambapo habari zake mwenyewe ni chache. Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walichapisha mwaka 2004 matokeo ya jaribio ambalo ndani yake wasifu wa kubuni wapatao 5,000 ulipelekwa kwa waajiri wa Boston na Chicago, na ule uliobeba majina yanayodhaniwa kuwa ya Wazungu ukaitwa kwa asilimia 50 zaidi ya ule uliobeba majina yanayodhaniwa kuwa ya Wamarekani Weusi. Jaribio hilo halikuonyesha kwamba waajiri walikuwa na chuki. Lilionyesha kwamba jina peke yake linatosha, na jambo hilo pengine ni zito kuliko chuki, kwa sababu mwenye chuki anaweza kuonywa, lakini anayejiona mwenye busara hana anachokitubia.

Katika jamii za Afrika Mashariki liko pingamizi linalostahili heshima kuliko linavyopewa na wakosoaji wa kujuana. Mtu aliyesomeshwa kwa michango ya ukoo huhesabiwa kuwa amepungukiwa na utu akipata nafasi kisha asimvute ndugu yake, na deni hilo ni la kweli. Swali ni kama linaweza kulipwa kwa kitu kisicho cha mdaiwa. Ibn Taymiyya, mwanachuoni aliyefariki mwaka 1328, alijenga hoja yake kuhusu vyeo juu ya aya ya Sura ya An-Nisaa inayoamuru amana zirudishwe kwa wenyewe, aya ambayo mapokeo huihusisha na ufunguo wa Kaaba: Abbas, ami yake Mtume, aliutaka, lakini ulirudishwa kwa Uthman bin Talha wa Banu Abd al-Dar. Kwa hoja hiyo nafasi ya kazi ya umma ni amana, na anayeigawa kwa udugu anafanya hiana hata kama nia yake ni njema. Ni haki kukiri kwamba kisa chenyewe hakikatai kila urithi, kwa kuwa ufunguo huo umebaki katika ukoo ule ule hadi leo. Na mwenye karakana yake mwenyewe atasema kwamba anagawa mali yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 haimkubalii kikamilifu, maana inakataza ubaguzi wa kabila, dini, ujauzito, ulemavu na mengineyo bila kumwachia mwajiri binafsi mlango wa pekee.

Kuhusu uwiano wa makundi kazini, historia ya eneo hili haiwezi kurukwa. Tume ya Holmes ya mwaka 1948 ilipendekeza wasio Wazungu walipwe tatu ya tano ya mshahara wa Mzungu kwa kazi ile ile, na utaratibu huo ulidumu hadi Tume ya Lidbury ya mwaka 1954 ilipopendekeza ufutwe. Kenya nayo, baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa mwaka 2007, ilitunga sheria ya uwiano ya mwaka 2008 inayozuia taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya watumishi kutoka jamii moja ya kikabila. Wapo wanaosema kwamba kanuni hiyo inashusha ustahili, lakini kwa polisi au hakimu kuaminiwa na watu wa kila jamii ni sehemu ya uwezo wenyewe. Udhaifu wake uko kwingine: theluthi ikishatengwa, ndani yake huweza kuitwa watoto wa wanaojulikana tu.

Matangazo ya kazi za umma nchini Tanzania humtaka mwombaji ataje wadhamini watatu wa kuaminika, sharti ambalo mwana wa ofisa hulitimiza kwa simu moja, na binti wa mkulima, anayejulikana vema na watu wasio na ofisi wala muhuri, hulitimiza kwa shida. Muda wa majaribio unakaribia zaidi njia ya haki, kwa kuwa unauacha uaminifu uonekane kazini badala ya kukisiwa kwa jina, ingawa gharama yake humwangukia mwajiriwa, ambaye katika miezi 6 ya kwanza hana ulinzi kamili wa sheria dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali.