Mtoto wa Mfungwa ni wa Nani?

Ndugu msomaji, mfikirie mwanamke aliye gerezani, ambaye mtoto wake mchanga alichukuliwa na serikali akawekwa katika malezi ya kambo. Siku moja analetwa mahakamani chini ya ulinzi. Hana wakili, wala hajui namna ya kuhoji mashahidi. Shauri linapokwisha, kwa mujibu wa sheria yeye si mama tena. Hayo yalitokea North Carolina, Marekani, mwaka 1978. Mama huyo alikuwa akitumikia kifungo cha miaka 25 hadi 40 kwa kosa la kuua. Aliomba mwanawe akae kwa bibi yake, pamoja na ndugu zake wanne waliokuwa wakilelewa huko; hakukubaliwa. Mwaka 1981 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, majaji watano dhidi ya wanne, iliamua kwamba Katiba hailazimishi kila mzazi maskini apewe wakili katika shauri la namna hiyo.

Tusiharakishe kuwalaumu. Watunga sheria wa Marekani waliona watoto wakihamishwa nyumba hadi nyumba kwa miaka mingi, hawana wa kumwita baba wala mama. Kwa hiyo sheria ya mwaka 1997 iliagiza kwamba mtoto akikaa katika malezi ya kambo miezi 15 kati ya miezi 22 ya karibuni, serikali ya jimbo, isipokuwa kwa sababu maalumu, ifungue shauri la kufuta haki za mzazi. Nia ilikuwa njema. Lakini kifungo cha miaka miwili tu chatosha kupita kipimo hicho, na mzazi aliye kifungoni hawezi kuizuia saa hiyo isiende. New York ililiona jambo hili, na mwaka 2010 ikairekebisha sheria yake ili kifungo cha mzazi kiweze kuwa sababu ya kutofungua shauri.

Je, haki hizo zikifutwa hufuata nini? Mzazi huwa mgeni kwa mwanawe. Mtoto akiasiliwa, hutolewa cheti kipya cha kuzaliwa chenye majina ya waliomchukua, na katika majimbo mengi kile cha kwanza hufungiwa. Hapa ndipo Islam inaposimama mahali pengine kabisa.

Zaid bin Haritha r.a. alitekwa akiwa mtoto, akauzwa, hatimaye akafika nyumbani kwa Mtume Mtukufu s.a.w., ambaye alimwacha huru. Baba yake alipomfuata Makka kumkomboa, Zaid mwenyewe alichagua kubaki. Watu wakamwita Zaid bin Muhammad. Lakini Kurani Tukufu, katika Sura Al-Ahzab aya ya 6, iliamuru watoto wa kulelewa waitwe kwa majina ya baba zao. Zingatia: hata mlezi aliye mbora wa viumbe wote hakupewa ruhusa ya kulifuta jina la Haritha. Malezi ni kitu kimoja, nasaba ni kitu kingine. Hakimu aweza kuyahamisha malezi. Nasaba haimo mkononi mwake.

(Wewe uliyesilimu karibuni, ambaye baba yako hajakukubalia, tulia katika jambo hili. Hukutakiwa kulitupa jina lake.)

Huenda utauliza: Na mzazi aliyemtesa mtoto wake mwenyewe? Huyo asipewe mtoto, wala asipewe nafasi ya kumdhuru tena. Al-Baqara aya ya 234 inakataza mama au baba kuteswa kwa ajili ya mtoto, lakini haikumpa mzazi yeyote leseni ya kumtesa mtoto. Mzazi na aondolewe malezi, hata kwa maisha yote. Lakini aliyeiba, au aliyeua mtu mwingine, hajawa kwa sababu hiyo adui wa mwanawe, na mtoto hana dhambi hata apewe adhabu ya kunyimwa ukoo wake.

Basi nani amlee? Mwaka wa 7 wa Hijra, Mtume s.a.w. alipokuwa akiondoka Makka baada ya Umra, binti mdogo wa Hamza r.a. aliwafuata. Baba yake alikuwa ameuawa Uhud. Ali, Jafar na Zaid r.a. wakamgombania, kila mmoja na hoja yake. Mtume s.a.w. akampa Jafar, kwa sababu mkewe alikuwa ndugu wa mama wa mtoto, akaeleza kwamba huyo yu mahali pa mama. Tena aya ile ya Al-Baqara haikuuacha mzigo kwa mlezi peke yake: baba akikosekana, wajibu wa matumizi humwangukia mrithi.

Narudi North Carolina. Bibi wa mtoto yule alikuwapo mahakamani siku ile, akatoa ushahidi. Afisa wa ustawi alieleza kwamba bibi amewahi kusema hawezi kubeba mzigo huo, maana tayari alikuwa na wajukuu wanne. Laiti ningalikuwa barazani pale, ningaliomba bibi aulizwe swali moja zaidi: akipewa unga, nguo na nauli ya kuwapeleka watoto kumtazama mama yao gerezani, je, ataweza?