Malezi ya Dini au Kasumba?



Baada ya ibada ya ubatizo hivi karibuni, mzazi mmoja kijana alituuliza: "Mwalimu, kumbatiza mtoto asiyejua lolote, kisha kumkaririsha Katekisimu, si kumtia kasumba huko?" Wazee waliokuwa karibu walikunja uso. Sisi tuliona ni swali la haki, na yafaa lijibiwe.

Kasumba, kwa asili yake, ni afyuni, yaani kitu cha kulevya na kulaza akili. Basi na tujiulize: je, twalaza akili za watoto wetu?

Wako wasemao mtoto aachwe mpaka akue, ndipo ajichagulie dini. Lakini hakuna mtoto alelewaye patupu. Twamfundisha lugha, salamu na adabu bila kumwomba ruhusa. Hata mzazi asiyesali anafundisha, maana mtoto humwona akaelewa kwamba sala si kitu. Kwa hiyo kufundisha dini, peke yake, si kasumba.

Kasumba huanza pale swali linapofungiwa mlango. Hapa hatuna budi kuungama. Katika miaka ya 1980, tulipokuwa tumetoka tu chuo cha ualimu, tulipewa darasa la Kipaimara. Chuoni tulikuwa tumesoma "Elimu ya Kujitegemea" ya mwaka 1967, ambamo Mwalimu Nyerere alitaka shule zikuze akili ya kudadisi. Siku moja mvulana akauliza mbona tulimwombea mdogo wake na bado akafa. Tulimwambia aketi, asikufuru. Siku Askofu alipokuja, kijana yule alijibu yote bila kukosa neno. Baada ya hapo hatukumwona tena kanisani. Ile ndiyo kasumba, na sisi ndio tuliompa.

Utaratibu wa Kanisa letu haukututuma hivyo. Katika ubatizo, wazazi na wadhamini humsemea mtoto mchanga. Katika Kipaimara, akiisha kupata akili, husimama akajisemea. Maana yake Kanisa linamwuliza. Na swali lisiloweza kujibiwa "hapana" si swali, ni maigizo. Mzazi ampelekaye mwanawe kwa Askofu kwa fimbo, au kwa ajili ya karamu na nguo nyeupe, amemnyang'anya jibu lake.

Bwana wetu mwenyewe, alipokuwa na umri wa miaka 12, alikutwa hekaluni kati ya waalimu, akiwasikiliza na kuwauliza (Luka 2:46). Hatusomi kwamba walimfokea.

Basi, kijana wetu, mbatize mwanao, sali naye, mfundishe. Akikuuliza, msikilize. Usipojua, mwambie hujui, mkatafute pamoja. Na siku ya kujisemea ikifika, naye akasema "bado", mngojee. Baba wa mwana mpotevu hakumfunga mwanawe kamba. Alimwacha aende, na aliporudi alimwona angali mbali.

Bwana atujalie subira hiyo.

Mwalimu Mstaafu