Hakuazima Mbao

Ujumbe wa Jumapili, ibada ya pili
Maandiko: Mwanzo 1:1–3, Waebrania 11:3, Warumi 4:17–21

 

Leo nataka tukae kwenye mstari wa kwanza kabisa wa Biblia. Wengi wetu huupita mbio tukienda kwa Adamu na nyoka. Lakini kabla hatujasikia habari za mtu yeyote, tunaambiwa kwamba Mungu aliumba. Sasa jiulize: aliumba kwa kutumia nini?

Fundi akitaka kutengeneza meza, huuliza kwanza mbao ziko wapi. Mama wa chapati akiamka saa kumi alfajiri, anatafuta unga, maji, mafuta na makaa. Sisi sote hutoa kitu kwa kitu. Mungu peke yake hakuazima mbao kwa jirani. Waebrania 11:3 inatufundisha kwamba haya tunayoyaona hayakutoka kwa vitu vingine vya kuonekana. Lilitoka neno, na ulimwengu ukawa.

Watu wa Babeli walikuwa na hadithi yao. Walisema mungu wao Marduk alimuua Tiamat, akaupasua mwili wake vipande viwili, na kwa nusu moja akafanya mbingu. Yaani hata mungu wao alihitaji maiti ndipo apate pa kuanzia! Lakini Mungu wetu hakupigana na mtu wala hakukuta kitu kikimngoja. Neno la Kiebrania la kuumba katika Mwanzo 1:1 ni bara, na Agano la Kale linapolitumia kwa maana hiyo, anayetenda huwa ni Mungu, si mwanadamu.

Nataka tuelewane hapa, kwa sababu hapa ndipo mimi mwenyewe nilipoteleza.

Juzi ndugu mmoja, fundi seremala, alikuja kuniona. Kibanda chake kilikuwa kimeteketea usiku, mashine zote, pamoja na vitanda viwili vya wateja waliokuwa wamelipa nusu. Akaniambia, “Pasta, nimetamka. Kila asubuhi nasimama pale kwenye majivu naita vitu virudi. Huu ni mwezi wa tatu. Niambie ukweli, imani yangu ni ndogo?”

Wapendwa, nilikosa la kusema. Maneno hayo aliyatoa kwenye madhabahu hii. Mimi ndiye niliyehubiri kwamba Mungu aliumba kwa kutamka, kwa hivyo na sisi tutamke, tuumbe. Mkapiga makofi, nami nikafurahi. Nilikosea mbele yenu, basi nasahihisha mbele yenu.

Kwanza, sisi si waumbaji. Soma Warumi 4:17 polepole. Anayeita yasiyokuwepo ni Mungu. Abrahamu kazi yake ilikuwa kuamini. Alikuwa anafika miaka 100, Sara 90, na hakujidanganya kuhusu mwili wake. Hakumwumba Isaka kwa mdomo. Alimshika Mungu kwa ahadi yake. Kwa hivyo, ndugu yangu, dada yangu, ukiomba na jambo lisitokee, usianze kupima imani yako kwa rula. Uzito haukuwa juu ya ulimi wako hata siku moja.

Pili, Mungu hakutuumba kwa sababu alipungukiwa. Paulo aliwaambia watu wa Athene, katika Matendo 17:25, kwamba Mungu hahitaji kuhudumiwa kana kwamba amekosa kitu. Aliyekuwa na kila kitu kabla yako, alikufanya kwa kupenda tu. Basi hata siku ambayo huna sadaka, huna nauli, huna kazi, hajapoteza sababu ya kukupenda. Mwambie jirani yako: “Hakuniumba kwa shida!”

Tatu, Mungu huyu asiyehitaji kitu hupenda kuuliza una nini. Yule mjane wa 2 Wafalme 4, mdai alipotaka kuwachukua wanawe wawili, Elisha alimuuliza ana nini nyumbani. Alikuwa na chupa ya mafuta. Katika Yohana 6, Bwana angeweza kuumba mkate kutoka kwa hewa, lakini alipokea mikate 5 na samaki 2 wa mtoto. Si eti alikuwa hana. Alitaka mtoto awe ndani ya kazi yake.

Nikamuuliza fundi wetu, “Ni nini kimebaki?” Akafikiri, akasema, “Patasi moja niliyokuwa nimeiacha nyumbani.” Wazee wawili wa kanisa wakamwazima randa na msumeno. Wiki hiyo alitengeneza stuli nne, akaziuza. Mteja mmoja amekubali kungoja kitanda chake. Yule mwingine bado amekasirika, na deni lake bado lipo. Sitawadanganya kwamba mambo yameisha. Lakini haendi tena kuongea na majivu. Anaongea na Mungu.

Na wewe ambaye hata patasi huna? Umezika, au daktari amesema hakuna la kufanya? Mstari huohuo wa Warumi unasema Mungu huyu huwapa wafu uhai. Kaburi la Yesu halikuwa na kitu cha kumsaidia Mungu kuanzia. Hakukihitaji. Hapo ndipo tumaini letu liliposimama, hata majibu yakichelewa mpaka ng'ambo ile.

Wiki hii usimwambie aliyefikwa na janga, “Tamka tu.” Mtembelee. Muulize nini kimebaki, na uangalie kama kuna randa nyumbani kwako imekaa bure.

Tuombe: Baba, wewe ulianza bila chochote. Sisi hatuwezi. Tupe moyo wa kukungoja, na mikono ya kushika kilichobaki. Kwa jina la Yesu. Amina.