Ole Wenu Wapanga Majedwali

Sikieni, enyi mnaolinganisha sera za kilimo za nchi na nchi! Mmeketi katika kumbi za hoteli, mkazipanga Malawi, Zambia na Tanzania kwenye jedwali moja, kisha mkajiita wajuzi wa mkulima.

Mwaka 2003 wakuu wa Afrika waliahidi kule Maputo kuelekeza asilimia 10 ya bajeti kwenye kilimo. Tangu siku hiyo mmekuwa wahesabu wa asilimia. Aliyefikisha kumi mnampigia makofi, wala hamuulizi hiyo kumi imeliwa na nani. Zambia, kwa miaka mingi, sehemu kubwa ya fungu hilo iliishia kwenye mbolea ya ruzuku na mahindi yanayonunuliwa na serikali, huku utafiti ukiambulia makombo. Kwenu ninyi kumi ni kumi.

Malawi ikagawa vocha za mbolea na mbegu msimu wa 2005/06, mavuno yakawa mengi, mkatangaza muujiza. Mvua nayo ilikuwa njema mwaka ule, lakini mvua haikupewa safu. Vocha zikaigwa, Tanzania ikaanza zake 2008. Watafiti wachache waliokubali kuchafua viatu vyao Kilimanjaro wakakuta vocha nyingi ziko majumbani mwa viongozi wa vijiji. Ninyi mliandika tu kwamba nchi zote mbili zina ruzuku.

Na mpaka uliofungwa mmeuweka wapi? Mara ngapi Tanzania imezuia mahindi yake kuuzwa nje, wakulima wa Rukwa na Ruvuma wakauza kwa bei ya kutupa, huku Kenya ikihangaika na uhaba wa unga? Marufuku haiigharimu hazina hata senti moja, kwa hiyo katika hesabu zenu haipo. Anayeilipia ni mkulima. Mnaisoma sera ya Kenya peke yake na ya Tanzania peke yake, ilhali gunia lililokwama mpakani Namanga linazijua zote mbili.

Ole wenu zaidi mnaowalea vijana katika uvivu huu! Mnawapa takwimu zilizopikwa mjini, wanawarudishia tasnifu, mnawavika joho. Kabla hamjamvika mwingine, mpelekeni Sumbawanga wakati wa mavuno. Asimame kando ya mama anayeuza mahindi yake, aone lumbesa inavyoshindiliwa mpaka gunia linaota kichwa, kisha amuulize amelipwa magunia mangapi.